Kata Neno Kuanzia Mkiani: Kigiriki cha Wodi ya Wanawake

Nilipokuwa mwaka wa pili chuoni, nikiwa zamu katika kliniki ya magonjwa ya wanawake ya hospitali ambayo sitaitaja, alikuja mama mmoja wa makamo akiwa ameshika karatasi ya rufaa. Alikuwa amepimwa mlango wa kizazi kwa siki katika kituo cha afya cha kwao, yakaonekana mabaka meupe, na tabibu wa huko akaandika kwamba aletwe kwetu kwa ajili ya "colposcopy". Nililisoma neno lile haraka nikaona "colonoscopy", yaani kipimo cha utumbo mpana, na kwa kuwa wiki iliyotangulia nilikuwa nimetoka kujifunza mada ya utumbo, nilijiona mjuzi. Nikamwagiza asile chakula kigumu tangu mchana ule, anywe maji na chai ya rangi tu, arudi keshokutwa asubuhi. Mama wa watu akatii. Alirudi siku hiyo akiwa amepanda daladala mbili, miguu inamtetemeka, na sista mkuu wa zamu alipomuuliza anaumwa nini tena, alijibu kwa adabu kwamba haumwi, ana njaa tu, na kwamba aliyemkataza kula ni yule binti pale.

Kipimo cha kuangalia mlango wa kizazi kwa darubini hakimtaki mtu ashinde njaa. Sista hakunifokea mbele ya mgonjwa. Alimtafutia uji kwanza, kisha akanivuta pembeni, akachukua kasha tupu la glovu na kuandika nyuma yake maneno mawili, moja chini ya jingine: kolpos na kolon. La kwanza ni uke, la pili ni utumbo mpana. Akaniambia: "Wewe unameza neno zima kama kidonge. Kata."

Ushauri wote ulio katika makala haya umetoka nyuma ya kasha lile. Ninawaandikia hasa wadogo zangu walioingia vyuo vya uuguzi, ukunga na utabibu wakitokea shule za msingi zinazofundisha kwa Kiswahili, ambao sasa wanakutana na maneno ya Kiingereza yenye silabi nane na kudhani kwamba dawa yake ni kukesha wakiyakariri. Ninawaandikia pia wanawake wanaopewa fomu zenye maneno hayo na kuambiwa waweke sahihi hapa chini.

Jambo la kwanza ambalo sikuambiwa na mkufunzi yeyote ni kwamba msemaji wa Kiswahili anauanza mchezo huu akiwa mbele. Chukua kitenzi cha kawaida cha leba: hawakumzalisha. Mtoto wa miaka mitano anakielewa bila kutafakari, ingawa ndani yake mna vipande saba: ha, wa, ku, m, zal, ish, a. Kila kipande kina kazi yake, na ukikibadilisha kimoja, habari nzima inageuka. Maneno ya kitabibu ya Kiingereza yamejengwa kwa mtindo huohuo, isipokuwa vipande vyake ni vya Kigiriki, lugha ambayo wasomaji wa Biblia huifahamu zaidi kwa jina la Kiyunani. Mwingereza wa kawaida hana kitenzi cha vipande saba; neno kama "salpingo-oophorectomy" humtisha kuliko linavyopaswa kukutisha wewe.

Hata ile irabu ya katikati inayowasumbua wanafunzi ina ndugu yake kwetu. Tunasema mtu, lakini mbele ya irabu tunasema mwana, kwa sababu kiambishi hujibadilisha ili ulimi upite. Kigiriki nacho huweka o kati ya kipande na kipande, kama katika "hysteroscopy", na kuiondoa kipande kinachofuata kinapoanza na irabu, kama katika "hysterectomy". Ukishaliona hilo, nusu ya makosa ya tahajia huondoka.

Tofauti na kitenzi chetu, neno la kitabibu usilianze kichwani. Lianze mkiani, kwa maana mkia ndio unaosema kinachoendelea au kinachotaka kufanywa. Mkia "-itis" ni uvimbe wa moto, ule wa wekundu, joto na maumivu. "-Oma" ni uvimbe wa kuota. "-Algia" ni maumivu. "-Scopy" ni kutazama kwa chombo, na "-graphy" ni kupiga picha. Inayotakiwa kukukaa akilini kama namba yako ya simu ni miwili: "-tomy" ni kukata, kupasua, kufungua, "-ectomy" ni kukata na kutoa nje, kwa sababu ile "ec" ya mwanzo ni neno la Kigiriki lenye maana ya nje. Kwa hiyo "hysterotomy" ni kupasua mfuko wa uzazi, jambo linalofanyika kila mama anapojifungua kwa upasuaji, halafu mfuko unashonwa na mama anaondoka nao. "Hysterectomy" ni kuutoa. Katika mwandiko wa haraka wa daktari aliyekesha, kinachoyatofautisha maneno haya ni o upande mmoja na ec upande mwingine, na nimewahi kuona mwanafunzi akilinakili moja badala ya jingine katika ripoti ya kukabidhiana zamu. Kosa lile lilikamatwa kabla halijafika mbali, lakini jasho lilitutoka.

Baada ya mkia, ingia ndani. Neno mama la wodi yetu ni gyne, mwanamke, ambalo likiingia katika miundo mingine ya Kigiriki huwa gynaik-, na ndiyo maana Kiingereza kina "gyn-" fupi na "gynaec-" ndefu. Mimi hulifananisha na mzizi wetu -ke. Mwanamke, mke, kike, jike, uke: mzizi mmoja unavaa nguo tofauti, na hakuna anayeukariri mara tano. Vivyo hivyo "gynaecology" ni elimu ya magonjwa ya wanawake, na "gyn" iliyomo katika "androgynous" ni ileile, imekaa jirani na aner, mwanamume. Angalia tu kwamba kuwapo kwa mwanamke ndani ya neno hakumaanishi kwamba mgonjwa ni mwanamke. Mama mmoja aliniletea kijana wake wa miaka kumi na mitano akiwa na karatasi iliyoandikwa "gynaecomastia", na mtu fulani mtaani aliyesoma kidogo alikuwa amemtafsiria ile "gynaec" peke yake. Mama alikuja akilia, akidhani mwanawe anageuka. Neno hilo lina mwanamke, lina titi, na maana yake ni mwanamume aliyeota titi kama la kike, hali ambayo kwa wavulana wanaobalehe ni ya kawaida na mara nyingi huisha yenyewe. Nilimkalisha, nikamkatia neno kipande kwa kipande, na kijana mwenyewe ndiye aliyecheka wa kwanza.

Hapa huwa naulizwa swali la haki: kama mfuko wa uzazi kwa Kiingereza ni "uterus", mbona operesheni yake haina "uter" ndani? Ni kwa sababu Kiingereza cha hospitali kina wazazi wawili. Majina ya viungo vyenyewe, kwa sehemu kubwa, ni ya Kilatini: "uterus", "ovary", "vagina", "cervix". Magonjwa na operesheni, kwa sehemu kubwa, ni ya Kigiriki. Ukiona kiungo kimesimama peke yake, tegemea Kilatini. Ukiona kimebebeshwa mkia mrefu, tegemea Kigiriki. Hata figo ni vivyo hivyo, kwani Kilatini chake ni ren na Kigiriki chake ni nephros. Kanuni hii ina wakaidi wake, kama "cervicitis" na "vaginitis", zenye mwili wa Kilatini na mkia wa Kigiriki, lakini imenisaidia mara nyingi kuliko ilivyoniangusha. Wanaoona haya kuchanganya lugha wakumbuke kwamba sisi nasi tunatema balghamu, neno lililotufikia kupitia Kiarabu kutoka phlegma ya Wagiriki haohao.

Sasa mfuko wa uzazi wenyewe, ambao Wagiriki waliupa majina mawili, hystera na metra, na ambao ndio uliowafelisha wengi wa darasa langu. Tulidhani ni lazima kujua kila mara lipi litumike. Baadaye, nikiwa kazini, niligundua kwamba maneno hayo yamegawana kazi. Hystera hutumika sana pale mfuko mzima unaposhughulikiwa kwa kisu au kwa chombo: kuutoa, kuupasua, kuuchungulia ndani. Metra hutumika sana kwa kuta zake na yanayozipata kuta hizo. Utando wa ndani, ule unaobomoka kila mwezi, ni "endometrium", kwa kuwa endon ni ndani. Nyama nene ya ukuta inayosukuma mtoto ni "myometrium", kwa kuwa mys ni msuli. Utando wa ndani ukishambuliwa na vijidudu, kwa mfano baada ya kujifungua, unapata "endometritis". Lakini "endometriosis" ni habari nyingine kabisa: tishu inayofanana na utando ule inaota mahali pasipo pake, nje ya mfuko, na msichana anagaagaa kwa maumivu kila mwezi huku akiambiwa kwamba ndivyo wanawake walivyo. Mkia "-osis" ni hali, si maambukizi. Anayeyachanganya haya mawili anaweza kumpa dawa ya vijidudu mtu asiye na vijidudu.

Metra ina mtego wake, kwani kuna metron, kipimo, lililozaa "metre" tunayopimia vitambaa. Hayana undugu. Metra imetoka kwa meter, mama, na mama huyo ndiye aliyemo ndani ya "metropolis", mji ulio mama wa miji mingine. Nilipolijua hilo nilinyamaza kidogo, maana Kiswahili nacho, bila kumuuliza Mgiriki, kiliuita mfuko huohuo mji wa mimba.

Hystera nayo ina kashfa yake ya kale. Katika maandishi ya tiba ya Wagiriki, mfuko wa uzazi ulielezwa kuwa unaweza kuhama mahali pake, ukapanda na kumbana mwanamke pumzi, na Plato aliuandika kama kiumbe hai chenye uchu wa kuzaa ambacho kikikaa muda mrefu bila mtoto hukasirika na kuzurura mwilini. Kutokana na fikra hizo lilizaliwa neno "hysteria", ambalo kwa karne nyingi lilibandikwa wanawake waliolia, waliozimia, waliokosa usingizi au waliokataa kunyamaza. Lilidumu ndani ya tiba hadi siku za karibuni sana: ni katika toleo la tatu la mwongozo wa Chama cha Wataalamu wa Magonjwa ya Akili cha Marekani, mwaka 1980, ndipo liliposhuka kutoka orodha ya magonjwa. Ukilikuta leo katika faili la mgonjwa, ujue kwamba aliyeliandika amechoka kumsikiliza.

Hata hivyo siwacheki Wagiriki kwa sauti kubwa. Bibi yangu mzaa mama alikuwa na chango, na kwa maelezo yake chango lile lilikuwa na miguu. Leo limekaa kiunoni, kesho limepanda chembe ya moyo, keshokutwa limeshuka na kuzuia mimba ya binti wa jirani. Nilipokuwa nikisoma habari za mfuko unaotembea, nilimsikia bibi akizungumza. Na siku hizi mama akiniambia ana chango la uzazi, simkatizi kwa kumwambia kwamba kitu hicho hakipo; namuuliza linaanzia wapi, linaumiza siku gani za mwezi, na linaambatana na nini, kwani mara nyingi chini ya jina hilo hukaa ugonjwa wenye jina la Kigiriki na wenye tiba.

Nimetaja mwezi. Katika eneo hili Mswahili hahitaji kufundishwa, anahitaji kukumbushwa tu. Kwetu mwezi ni ule wa angani, ni ule wa kalenda, na ni ule ambao mwanamke anaingia. Kwa Wagiriki mwezi wa kuhesabu ni men, na ule wa angani ni mene, na kutoka hapo tumepata familia nzima. Weka a ya kukanusha mbele upate "amenorrhoea", kukosa hedhi. Weka dys, yenye maana ya ubaya na tabu, upate "dysmenorrhoea", hedhi ya maumivu. Weka oligos, chache, upate hedhi inayokuja kwa kuruka-ruka. "Menarche" ni men na arche, mwanzo, yaani kile ambacho kwetu ni kuvunja ungo. "Menopause" ni kukoma kwa hedhi, na ingawa viungo vyake ni vya Kigiriki, Wagiriki wa kale hawakulijua neno hilo. Lilitungwa na daktari Mfaransa, Charles de Gardanne, na kuchapishwa mwaka 1821. Mtego wa hapa ni "meningitis", ambayo haihusiani na mwezi hata kidogo, kwa kuwa meninx ni utando, na katika ugonjwa huo ni utando unaofunika ubongo na uti wa mgongo.

Mkia wa maneno haya ndio unaowatoa watu machozi kwenye mtihani, kwa sababu ya herufi r mbili zinazofuatwa na h. Usiziogope, zifanye alama ya njiani. Ukiona "rrh" katikati ya neno, umekutana na mmoja wa ndugu wanne. "-Rrhoea" ni kutiririka. "-Rrhagia" ni kufoka, kutoka kwa nguvu, na hivyo "menorrhagia" ni hedhi inayomwaga damu kupita kiasi. "-Rrhexis" ni kuchanika, na "hysterorrhexis" ni kuchanika kwa mfuko wa uzazi, neno ambalo ukilisikia leba unakimbia. "-Rrhaphy" ni kushona. Ndugu hawa hawafanani kazi hata kidogo, na kuwachanganya anayefoka damu na anayeshonwa ni aibu isiyo na lazima.

Kwenye titi sitakaa sana. Kigiriki ni mastos, Kilatini ni mamma, kwa hiyo picha ya titi inaitwa kwa Kilatini, "mammogram", na kulitoa kunaitwa kwa Kigiriki, "mastectomy". Jambo la kuangalia ni mfupa ulio nyuma ya sikio, unaoitwa "mastoid" kwa sababu wataalamu wa anatomia waliuona umechongoka kama titi. Mtoto mwenye "mastoiditis" anaumwa sikio, na mama yake aliyekuwa akinyonyesha asibinywe matiti bure. Nilishuhudia hilo likitokea, na aliyebinya si mimi.

Mayai ni oon, na kiungo kinachoyabeba ni oophoron, kibeba mayai. Zile o mbili za mwanzo hutamkwa kila moja peke yake, jambo rahisi kwetu tunaotamka kila irabu, na gumu kwa wenye Kiingereza chao wanaotaka kuziunganisha. Mirija ya uzazi ni salpinx, tarumbeta. Gabriele Falloppio, mtaalamu wa anatomia wa Italia aliyeieleza mirija hiyo katika maandishi ya mwaka 1561, aliona mwisho wake umepanuka kama mdomo wa tarumbeta akaiita hivyo kwa Kilatini. Sisi tuliona mrija, yeye aliona ala ya muziki. Sasa rudi kwenye lile neno la mwanzo, "salpingo-oophorectomy". Anza mkiani: kutoa nje. Kutoa nini? Kibeba mayai, pamoja na tarumbeta yake. Limekwisha. Ukiona katika faili herufi BSO, ni operesheni hiyohiyo iliyofanywa pande zote mbili, na mwanamke aliyefanyiwa kabla ya umri wa kukoma hedhi ataingia katika ukomo huo mara moja, siyo polepole kama wenzake. Hilo ni jambo la kumwambia kabla, na kwa Kiswahili.

Kuhusu kolpos iliyonitia aibu, nilikuja kujua baadaye kwamba maana yake ya kwanza ni mkunjo, mbonyeo, mahali palipoingia ndani, na kwamba neno la Kiingereza la ghuba, "gulf", limetoka hapohapo kwa kupitia Kitaliano. Tangu nilipojifunza hivyo sijawahi kulichanganya tena na utumbo. Darubini yenyewe ilibuniwa Ujerumani mwaka 1925. "Colposcopy" ni kuchungulia kwa darubini hiyo, "colporrhaphy" ni kushona kuta za uke zilizolegea, na mgonjwa wa yote mawili hana sababu ya kunyimwa chakula cha jioni kwa sababu ya jina.

Kwa wakunga, lipo neno moja ambalo tunalishika kila siku bila kulitazama. Oksitosini imeandikwa kutoka oxys, kali na ya haraka, na tokos, kuzaa. Henry Dale alionyesha mwaka 1906 kwamba majimaji ya tezi ya pituitari huukaza mfuko wa uzazi, na Vincent du Vigneaud alifaulu kuitengeneza homoni yenyewe maabara mwaka 1953, akapata tuzo ya Nobel ya kemia mwaka 1955. Leo ni ile sindano ya yuniti 10 tunayompa mama mara mtoto anapotoka ili mfuko ukaze na damu isimwagike. Wanafunzi wengi huandika "oxytoxin", kana kwamba ni sumu; sumu ni ukoo mwingine, umetokana na toxon, upinde, kwa ajili ya mishale iliyopakwa. Tokos huyohuyo yumo katika "dystocia", uzazi uliokwama. Na kwa Wagiriki wa kale tokos ilikuwa pia riba ya mkopo, mtoto wa fedha, jambo ambalo akina mama wa vikoba wakiambiwa huitikia kwa vichwa, kwa kuwa nao wanasema hela imezaa.

Tahajia ni kero ndogo lakini inapoteza muda. Vitabu vyetu vingine ni vya Uingereza na vingine vya Marekani, na Wamarekani wameondoa herufi moja palipokuwa na mbili: "gynecology" badala ya "gynaecology", "estrogen" badala ya "oestrogen", "amenorrhea" badala ya "amenorrhoea". Ukitafuta kwenye intaneti kwa tahajia moja na usipate kitu, jaribu ya pili kabla hujakata tamaa, na kwenye mtihani chagua moja uishike hadi mwisho wa karatasi.

Namna nilivyojifunza mwenyewe ni hii. Nilinunua daftari la kurasa 96 nikaligawa kwa mikia, si kwa alfabeti, kwa sababu kamusi tayari zipo kwa alfabeti na hazikunisaidia. Kila nilipokutana na neno jipya wodini, nililiandika chini ya mkia wake, nikalikata kwa mistari, na pembeni nikaandika sentensi moja ya Kiswahili ambayo ningeweza kumwambia mgonjwa asiyejua kusoma. Sentensi hiyo ndiyo iliyokuwa kazi ngumu. Kuandika "kutoa mfuko wa uzazi" ni rahisi. Kumwambia mtu hivyo usoni, huku ukijua kwamba katika Kiswahili kizazi ni kiungo na pia ni watoto na wajukuu, ni kazi nyingine. Maneno ambayo sikuweza kuyatungia sentensi niliyawekea nyota, na nyota hizo zilinionyesha kwa haki kabisa ni wapi nilikuwa nikikariri bila kuelewa. Nikilifungua daftari hilo leo, "eclampsia" bado ina nyota yake, kwa sababu Kigiriki chake ni mwako wa ghafla, kama radi, na nilihangaika kwa muda mrefu nikitafuta radi ndani ya kifafa cha mimba mpaka usiku nilipokiona kwa macho yangu.

Miaka miwili iliyopita shangazi yangu mdogo, aliyekuwa na umri wa miaka thelathini na nane na bado anatamani mtoto wa pili, alilazwa kwa ajili ya uvimbe katika kizazi. Alinipigia simu usiku, akanisomea fomu ya ridhaa herufi kwa herufi, maana Kiingereza chake ni cha kuhangaika. M, y, o, m, e, c, t, o, m, y. Nilimwambia: mkia wake ni kutoa nje, mbele yake kuna myoma, uvimbe wa msuli; kwa hiyo wanatoa uvimbe, mji wanauacha. Akaniambia kwamba chini yake kuna mstari mwingine, umeandikwa kwa kalamu, na akaanza tena: h, y, s, t. Sikumsubiri amalize. Nilimweleza kwamba mara nyingine damu hukataa kukatika katikati ya kazi na madaktari hulazimika kuutoa mfuko wenyewe ili mtu aishi, ndiyo maana huomba ruhusa mapema, lakini asubuhi amuulize daktari mwenyewe kabla hajatia sahihi.

Alimuuliza. Alinisimulia baadaye kwamba alimwonyesha daktari ule mstari wa kalamu kwa kidole, akasema, "Huu wa juu ni uvimbe, nimeuelewa. Huu wa chini ni mji. Mji mnauacha, au mnauchukua?" Daktari, kijana tu, alivuta kiti akaketi. Akamwambia kwamba wanauacha, isipokuwa damu ikatae kabisa kusimama. Shangazi akamwambia basi hilo nalo aliandike pale, kwa Kiswahili, na daktari akaliandika.